Wiki Sita za Dokta Deiwaka Kigamboni

Nyie mnaoanza kazi sasa, mkipigiwa simu kwamba mahali fulani daktari yuko likizo na wanatafuta mtu wa kushikilia, msione haya kwenda. Najua mnavyoiona kazi hiyo. Kiti si chako, wagonjwa si wako, na mwenyewe akirudi unatia stetoskopu kwenye mkoba na kuondoka bila hata kuagwa. Mie nimestaafu baada ya kutibu watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila nikiulizwa kazi nilijifunzia wapi, jibu langu huwaudhi walionifundisha chuoni. Nilijifunzia kwenye kiti cha mtu mwingine, Kigamboni, kwa wiki sita.

Dar tuna jina la mtu wa namna hiyo. Deiwaka. Ni yule dereva anayeshika usukani mwenye zamu akienda kupumzika. Siku ya pili tu kinamama wa kwenye benchi la wagonjwa walikuwa wameshanibatiza: Dokta Deiwaka.

Jina langu ni Nasra. Nimezaliwa Temeke, mtoto wa Mwarabu mwenye duka la vitambaa, na baba yangu mpaka anafariki hakuelewa kwa nini binti yake aliacha kukaa kwenye feni dukani akaenda kutapikiwa na watoto wa watu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimemaliza mafunzo ya vitendo, nasubiri ajira. Wakati huo daraja la Kigamboni halikuwapo. Asubuhi nilivuka kwa pantoni, kisha nikadandia gari lolote linaloelekea Kimbiji, nikashuka kwenye kituo kidogo cha afya kilichokuwa kando ya barabara ya vumbi. Daktari wa pale, Dokta Mbwana, alikuwa amekwenda kufanyiwa upasuaji wa mgongo. Alikuwa amekaa pale muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya kinamama waliokuja na watoto, yeye ndiye aliyewazalisha mama zao.

Siku ya kwanza nilipoingia uwanjani, mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi aliniangalia, akauangalia na mkoba wangu, akasema kwa upole, "Binti, foleni inaanzia huku."

Nikaenda kupanga foleni. Mnacheka, lakini nyie mngefanya nini? Nilisimama pale robo saa nzima, nafikiria namna ya kujieleza, mpaka muuguzi mmoja mnene wa makamo akachungulia mlangoni. "Wewe ndiye daktari? Sasa huko unasubiri nani akutibu?"

Huyo ndiye Sista Anjelika, mtu wa Newala, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotetemeka. Nilimwamkia, "Shikamoo, sista," akaitikia, "Marahaba, dokta," na kwa namna alivyolitamka lile "dokta" nilielewa kwamba cheo hicho kwangu bado kilikuwa cha kuazima.

Siku ile ile alinifundisha jambo ambalo sikulisoma kwenye kitabu chochote. Mtoto wa kwanza aliingia amekaa mapajani kwa mama yake, ametulia kabisa. Mie mara moja nikachukua kijiti cha kubonyezea ulimi nikamwambia afunue kinywa. Aliangua kilio kilichosikika mpaka barabarani, nikashindwa kusikia kifua, nikashindwa kupapasa tumbo, nikapata teke la kidevu. Mtoto alipotoka, Sista Anjelika akasema, "Dokta, mtoto msikilize akiwa bado hajakugundua. Kifua kwanza, akiwa pale pale kwa mama. Tumbo baadaye. Masikio na koo mwisho kabisa, ukishakubali kuchukiwa."

Mpaka nastaafu nimefuata mpangilio huo. Ongezeni na hili: pasheni stetoskopu kiganjani kwanza.

Sasa nije kwenye kosa langu. Wiki ya kwanza aliingia mama mmoja na mtoto aliyeungua mkono kwa uji. Kidonda kilikuwa kimepakwa dawa ya meno, nyeupe, imekauka kama chokaa. Mlango ulikuwa wazi. Nilipandisha sauti. "Nani kakwambia upake dawa ya meno? Hivi nyie mnawamaliza watoto wenu wenyewe, halafu mnatuletea sie?"

Benchi lote nje likanyamaza. Mie, kwa ujinga wangu, nikadhani ule ukimya ni heshima. Sista Anjelika alisafisha kidonda, akakifunga, akamsindikiza yule mama, kisha akarudi na kufunga mlango.

"Leo umetibu mmoja," akaniambia, "umefunga midomo ya benchi zima."

Niliona anatia chumvi. Na kweli, kuanzia kesho yake kazi ilikwenda haraka ajabu. Nikiuliza, "Umempa dawa yoyote nyumbani?" kila mama alijibu, "Hapana, dokta." Nikaandika "hakuna" kwenye kila kadi. Nilijisifu moyoni kwamba nimewaelimisha.

Ikafika wiki ya tatu. Saa nne asubuhi aliingia Bibi Somoe, mwanamke mwembamba wa pale jirani, amembeba mjukuu wake Hamisi mgongoni, na mwingine, Mwajuma wa miaka mitano, amemshika mkono. Mama yao alikuwa ameenda msibani Kimbiji, kwa hiyo watoto walikuwa mikononi mwa bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Dokta Mbwana hajarudi?"

"Bado. Nipo mie."

Akashusha pumzi kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Akamfungua Hamisi kwenye khanga, akampakata.

Mtoto alikuwa na miaka miwili. Alikuwa anahema haraka, na kifua kinakoroma hata bila stetoskopu, kama maji yanayochemka sufuriani. Ngozi yake ilikuwa na upele mikononi na kiunoni, na iling'aa mafuta ya nazi. Nikauliza kuhusu dawa za nyumbani. "Hapana, dokta." Nikaandika nimonia. Tukamchoma sindano ya penisilini na kuchukua damu ya kupima malaria kwenye hadubini. Malaria hakuna. Nikaagiza alazwe kwenye kitanda cha pembeni tumwangalie.

Baada ya nusu saa Sista Anjelika aliniita. Hamisi alikuwa amezidiwa. Udenda ulikuwa unamtoka mfululizo, shuka limelowa jasho, ameharisha, midomo inaanza kuwa na rangi ya kijivu. Nilisema kilichokuwa rahisi kusema: "Nimonia kali. Tumpe rufaa."

Lakini kulikuwa na kitu kinanikera. Chuoni wenzangu walinitania kwa jina la Nasra Kwanini, na sikulipenda, kwa sababu kuuliza sana kulinichelewesha wodini na kuniletea maneno ya wakubwa. Siku ile tabia hiyo hiyo ilinishika. Nilimgusa Hamisi paji la uso, halina joto. Nikashika mkono wake nikahesabu mapigo. Mtoto mwenye nimonia kali moyo wake unakimbia. Wa huyu ulikuwa unatembea polepole, kama hauna haraka ya kwenda popote.

Wanangu, ishara tisa zikikubaliana na moja ikakataa, msiizomee ile moja. Kaeni nayo.

Nikachukua tochi nikamfunua macho. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nikazima tochi, nikaziba mwanga kwa mkono, nikasubiri zitanuke. Hazikutanuka. Nikageuka kwa Mwajuma, ambaye muda wote alikuwa amesimama kimya anatema mate sakafuni na kushika tumbo. Nikamwinua kidevu. Mboni zile zile.

Hapo ndipo nikaanza kuogopa, na katikati ya ile hofu, nisiwafiche, nilikuwa na hamu kubwa ya kujua. Ni ugonjwa gani unawapa ndugu wawili macho ya namna moja asubuhi moja?

Bibi Somoe akasema, kama anayejisemea, "Hata mie leo macho yangu yana ukungu. Tangu niamke naona giza giza."

"Bibi, naomba nikuangalie."

Akanitazama kwa mashaka, akainua uso. Mboni za bibi nazo zilikuwa vitone.

Mara moja nikaukumbuka ukurasa wa kitabu: udenda, jasho, kuharisha, kifua kujaa maji, moyo kwenda polepole, mboni kusinyaa. Ni sumu, zile za kuulia wadudu. Lakini imetoka wapi, na imeingia vipi? Bila kujua, ningeweza kutibu huku sumu bado inaendelea kuingia.

"Bibi, umewapa nini hawa watoto?"

"Sijawapa kitu."

"Bibi, huyu mtoto anakufa. Umewapa nini?"

"Nimekwambia sijawapa kitu!"

Nilikuwa nafungua kinywa kwa mara ya tatu, Sista Anjelika akaniwekea mkono begani. Akaketi chini sakafuni, mwili wake wote mzito, mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa bibi.

"Bibi, pole. Huu upele umewatesa sana wajukuu zako, eh?"

"Sana, mwanangu. Wanajikuna mpaka damu. Usingizi hawaujui."

"Na wangu walipopata nilihangaika hivyo hivyo. Nilijaribu kila nilichoambiwa. Nyie mmejaribu nini?"

Bibi Somoe akanitazama mie, kisha akautazama mlango.

"Huyu akitoka, nitasema."

Nilitoka. Nilitoka kwenye chumba changu mwenyewe, daktari mzima, nikasimama kwenye korido nyuma ya pazia, kinamama wa kwenye benchi wananiangalia. Na nikiwa pale nikasikia ile sauti ya bibi, imeshuka kabisa.

"Jirani yetu anafuga. Katugawia dawa ya ng'ombe, ile ya kuulia kupe. Anasema upele unakauka mara moja. Nimechanganya na mafuta ya nazi nikawapaka mwili mzima. Jana jioni, na leo tena baada ya kuamka."

Sikusubiri kuitwa. Kilichofuata kilikuwa cha haraka, na nakielezea ili mkikumbuke. Kwanza glavu, kwa sababu sumu hiyo inapita kwenye ngozi ya anayehudumia pia. Pili nguo zote nje, khanga ya kubebea pamoja nayo. Sista Anjelika alileta beseni, sabuni na ndoo za maji, akamwosha Hamisi mara tatu, nywele, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, kila mkunjo, kwa sababu yale mafuta ya nazi yalikuwa yanazidi kuipeleka sumu ndani. Kinamama wawili wa kwenye benchi walivaa glavu wakamwosha Mwajuma, kisha bibi mwenyewe akaenda kuoga nyuma ya jengo.

Mie nilikuwa kwenye trei ya dharura. Dawa inayopambana na sumu hiyo ni atropini, na tulikuwa na vichupa sita tu, vilivyowekwa kwa ajili ya upasuaji mdogo. Nikapata mshipa wa Hamisi kwa jaribio la pili, nikampa dozi ya kwanza, nikaweka stetoskopu kifuani, nikasubiri nikiangalia saa. Kifua bado kinachemka. Nikampa ya pili, kubwa zaidi. Udenda ukapungua. Ya tatu, na kwa mara ya kwanza nikasikia pumzi inaingia mpaka chini ya pafu, kavu, kama upepo kwenye karatasi. Hamisi akafumbua macho, akaniona, akalia bila machozi, kwa sababu atropini hukausha hata machozi. Sijawahi kufurahia kuchukiwa na mtoto kama siku ile.

Sumu ile ina tabia ya kurudi, kwa hiyo ilibidi wavuke kwenda hospitali kubwa. Gari la wagonjwa hatukuwa nalo. Muuza barafu mmoja aliyekuwa anapita na pikapu alishusha mzigo wake wote barabarani bila kuambiwa mara mbili. Sista alibaki na foleni, mie nikapanda nyuma na bibi na watoto.

Kwenye pantoni kifua cha Hamisi kilianza tena kukoroma. Nilichoma kichupa cha nne nikiwa nimepiga magoti juu ya bati la moto, abiria wamejipanga wametukinga jua kwa khanga zao. Kilipotulia, Bibi Somoe akanigusa mkono.

"Mie nilikuwepo siku ile ya mama wa dawa ya meno," akasema. "Nilikuwa nimekaa benchi. Nikasema, huyu binti nikimwambia ya ng'ombe, ataniita muuaji mbele ya watu."

Nilisema, "Nisamehe, bibi." Akatikisa kichwa, akaendelea kumpepea mtoto.

Kule hospitali walimaliza kazi. Watoto walikaa siku kadhaa, wakatoka wazima. Daktari mmoja pale aliniuliza niligunduaje, nikamweleza habari za macho. Kisha nikaongeza kwamba aliyepata jibu ni muuguzi aliyekaa sakafuni. Alicheka akidhani ni unyenyekevu.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi tunaishia hapo. Lakini nikiwa kwenye pantoni narudi, neno moja la bibi lilikuwa linanizunguka kichwani: "katugawia." Kama jirani aliwagawia wao, aliwagawia na nani mwingine?

Kesho yake mchana nilimwachia Sista foleni tena, nikaenda kwa yule mfugaji. Alikuwa mtu mwema kabisa. Dawa alikuwa ameinunua kwa ajili ya ng'ombe wake wanne, akaona majirani wanateseka na upele, akawajazia kwenye chupa za soda. Nilipomweleza kilichotokea alikaa chini. Akanitajia nyumba saba.

Nyumba ya kwanza waliniambia hawana chupa. Ya pili pia hawana. Wote walinijibu kwa adabu, wamesimama mlangoni, na nilijua kabisa kwa nini. Nikarudi mikono mitupu.

Bibi Somoe aliporudi kutoka hospitali nilikwenda kumjulia hali. Nikamweleza zile nyumba. Aliingia ndani akajitanda khanga, akambeba Hamisi mgongoni, akatangulia njiani.

Kila mlango alisimama yeye mbele, mie nyuma. "Hodi wenyewe. Huyu mnamwona? Huyu nusura nimuue kwa mikono yangu. Si kwa ubaya, kwa kumpenda. Nilimpaka ile dawa ya ng'ombe. Nileteeni chupa yenu, msiogope, mie ndiye wa kwanza." Alilisema hilo nyumba saba, mchana kweupe, mbele za watu wanaomfahamu tangu ujana wake. Mie nisingeweza kulisema hata mara moja. Chupa zilitoka uvunguni, darini, jikoni nyuma ya vyungu. Moja ilikuwa imekaa rafu moja na mafuta ya kupikia.

Katika nyumba ya mwisho nilikuwa nazifunga chupa kwenye mfuko, naona kazi imekwisha, mama wa pale akaniuliza, "Dokta, sasa hii umeichukua. Na upele?"

Nilisimama pale na mfuko wangu. Watoto watatu walikuwa nyuma yake, wote wanajikuna. Katika purukushani yote ile, ya mboni na atropini na pantoni, upele wenyewe, ule uliowafanya waende kutafuta dawa ya ng'ombe, hakuna aliyeutibu. Hata Hamisi, mgongoni kwa bibi yake, alikuwa anajisugua kwenye khanga.

Asubuhi iliyofuata mie na Sista Anjelika tulichanganya salfa, ule unga wa njano wa kutibu upele, na mafuta ya mgando kwenye ndoo, kwa mwiko wa ugali, tukaenda uwanjani kwa Bibi Somoe. Tulisema waje wote, nyumba nzima nzima, wanaojikuna na wasiojikuna, kwa sababu ukimtibu mmoja, upele unamsubiri kwa ndugu yake. Mashuka na nguo zikafuliwa kwa maji ya moto zikaanikwa juani. Tulipaka siku tatu mfululizo. Kinamama waliniuliza maswali ambayo hawakuwahi kuniuliza nikiwa kwenye kiti: kuhusu dawa ya meno, kuhusu shubiri kwenye chuchu ya kumwachisha mtoto ziwa, kuhusu kitovu kupakwa majivu. Niliwajibu huku napaka, nimechuchumaa, watoto wanatoroka kwenye mikono yangu wakiwa njano kama bizari, wanakamatwa, wanarudishwa.

Siku ya tatu jioni nilipanda pantoni kurudi nyumbani. Nilinuka salfa kuanzia nywele mpaka viatu. Abiria mmoja akahama, wa pili akahama, mwishowe nikabakiwa na benchi zima peke yangu. Nikanyoosha miguu. Kabla hatujafika ng'ambo nilikuwa nimeshaamua kwamba ajira ya kawaida ikija nitaikataa, nirudi shule nikasomee udaktari wa watoto.